Mkono wa Abdirahim

Sabrin aliisoma ile karatasi ya waranti mara ya tatu, safari hii kwa sauti ya juu kidogo, maana baba yake alikuwa amejifanya hasikii.

"Injini na giaboksi, Aabo. Miezi kumi na minane. Ikiharibika, wanatengeneza wao. Sisi tunalipa elfu sitini na tano sasa hivi, basi."

"Sasa hivi," Bishar akasema. "Umesikia hilo neno? Ugonjwa haujaja, dawa inalipiwa sasa hivi."

Walikuwa wameketi mkekani nje ya nyumba yao ya mtaa wa Iftin, upande wa kivuli, baada ya sala ya alasiri. Karatasi yenyewe haikuwapo. Ilikuwa picha kwenye simu ya Sabrin, iliyotumwa na Najib, kijana aliyekuwa akileta magari yaliyotumika kutoka Nairobi na kuyauza pembeni mwa soko la mifugo. Picha zilikuwa mbili. Ya kwanza ilifunguka. Ya pili ilizunguka, ikazunguka, mpaka bando likaisha.

Gari lilikuwa jeupe, la Kijapani, lenye buti refu, na bei yake laki sita na tisini. Bishar alikuwa amewauza ngamia wake watano, ndio waliobaki baada ya ukame kuwachukua wenzao, na alikusudia kubeba abiria kwenda Dadaab na kurudi. Ukishaitoa bei ya gari, zilibaki elfu sitini na nane. Hapo ndipo shida ilipokaa. Elfu sitini na mbili zilikuwa za Sabrin, karo ya muhula wa mwisho katika chuo cha uuguzi, na muhula ulikuwa unaanza Jumatatu. Pesa zile zingeweza kununua waranti au karo. Hazingetosha vyote viwili.

"Mimi nitasubiri muhula mmoja," Sabrin akasema.

"Hutasubiri."

"Aabo, gari likifa hata huo muhula mwingine hautakuwapo."

"Nimesema hutasubiri." Bishar akaukunja mguu wake, akaunyoosha tena. "Binti yangu hakai nyumbani kwa sababu ya karatasi. Halafu hata sheikh alisema mambo ya bima yana shubuha."

Mkewe, Barni, alikuwa akiosha madumu yake ya maziwa. Hakugeuka. "Hukumwuliza sheikh. Ulimwuliza yule anayeuza salio pale kwenye kona."

"Yeye husikiliza mawaidha."

"Husikiliza redio." Barni akalipindua dumu, maji yakamwagika. "Bishar, ngamia ishirini na sita walikufa mbele ya macho yetu. Yule aliyekuwa akisema mvua itakuja, itakuja, alikuwa wewe. Mimi nataka safari hii mtu mwingine aseme, na awe ameandika."

Maneno hayo yalimchoma, na Barni alijua yatamchoma. Bishar akasema lile jambo ambalo mwanamume yeyote aliyelelewa na mifugo angelisema, na lililoonekana kuwa la busara kabisa jioni ile.

"Mtu atasema. Nitamwomba Adeer Abdirahim asimame."

Sabrin akaiweka simu chini. Barni akageuka.

"Abdirahim anajua nini kuhusu magari?" akauliza.

"Anamjua Najib. Alimjua baba yake Najib. Na neno lake lina uzito kuliko picha ya simu."

*

Abdirahim alikuwa dalali wa ngamia kwa miaka arubaini. Bei ya ngamia katika soko lile haitamkwi mbele za watu. Dalali humshika mnunuzi mkono chini ya kitambaa, na vidole ndivyo vinavyosema: kidole kimoja hiki, viwili vile, mpaka watu wanaelewana. Wakishaelewana, dalali ndiye amesimama. Mnyama akionekana ni wa wizi, au ana maradhi yaliyofichwa, mnunuzi hamtafuti muuzaji. Humtafuta dalali, naye hulipa, kisha atajuana mwenyewe na muuzaji. Hakuna hati wala muhuri. Katika miaka hiyo yote Abdirahim alikuwa amelipa mara mbili tu, na zote mbili alilipa kabla jua halijazama.

Siku ya soko, Bishar alimkuta ameegemea fimbo yake karibu na gari la Najib. Watu walikuwa wamelizunguka. Mmoja alikuwa akiyapiga mateke magurudumu, kama mtu anayejua anachokitafuta.

"Adeer," Bishar akasema, akimwita ami kwa heshima, "nataka usimame kati yangu na huyu kijana."

Mzee akalitazama gari. Akalizunguka mara moja, polepole, akarudi pale pale. "Bishar, ngamia mimi namjua anavyoinuka. Namtazama macho, namtazama nundu, nasikiliza tumbo lake. Hiki kitu kinainuka vipi?"

Watu wakacheka. Najib naye akacheka, akafungua mlango, akawasha injini. Ililia vizuri, laini, bila kukohoa.

"Mimi mwenyewe nililiendesha kutoka Nairobi, adeer," Najib akasema. "Wallahi halijanisumbua. Nimewapa na waranti wakitaka. Wakiona ghali, haya, ni hiari yao."

"Waranti ya karatasi sitaki," Bishar akasema, na akasema kwa sauti iliyowafikia wote. "Nataka mkono wa Adeer Abdirahim. Mkono huo unanitosha mimi na watoto wangu."

Kuna sifa ambazo ni kamba shingoni. Watu walikuwa wanatazama. Mzee angekataa, ingekuwa kama kusema kwamba neno lake lina mwisho, kwamba linafika kwa ngamia na mbuzi halafu linasimama kama gari lisilo na mafuta. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Katika umri huo mtu hana mali nyingi zaidi ya namna watu wanavyomtazama.

"Baba yake Najib nilimjua," akasema mwishowe. "Hakuuza mnyama mgonjwa hata mara moja." Akakitoa kitambaa begani.

Barni aliyaona hayo akiwa upande wa wanawake wauza maziwa. Pembeni yake alikuwa ameketi Nurto, mke wa Abdirahim. Walikuwa wameketi hivyo kwa miaka sita, kila mtu na dumu lake. Barni aliuza maziwa ya kununua kwa wafugaji, akipata faida ndogo kwa kila kikombe. Nurto aliuza ya ngamia wake mwenyewe, jike mmoja aliyelishwa na mpwa wake nje ya mji, na wateja waliyajua maziwa yale, hawakuuliza kama yana maji.

"Mtazame mzee wangu," Nurto akasema, akicheka. "Mlango wa gari hajui unavutwa au unasukumwa, leo anadhamini injini."

Barni akacheka naye. Lakini hakuondoa macho kwenye kile kitambaa.

*

Gari lilifanya kazi wiki saba. Sabrin alilipiwa karo, akarudi chuoni. Nyumbani walikula nyama mara mbili kwa wiki, na Bishar akajifunza kutembea akizungusha ufunguo kidoleni.

Wiki ya nane, kwenye barabara ya Dadaab, katikati ya vumbi na miiba, injini ilipiga kelele moja kama sufuria iliyoangushwa, ikazima. Moshi ukatoka. Abiria watano wakashuka, wakasimama juani. Walikuwa wamekwisha kubebwa nusu ya safari, lakini kila mmoja alidai nauli yake yote, na Bishar akawarudishia wote. Wa mwisho, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, alilipwa kwa sarafu, akazihesabu mara mbili mbele yake.

Lori la mchanga lilimvuta kwa kamba mpaka mjini. Alishika usukani wa gari lililokufa, na kila aliyemjua alipunga mkono, naye ilimbidi apunge.

Fundi alikuwa mtu wa kutoka Mwingi, mwenye gereji chini ya mabati matatu. Alifungua, akachungulia, akachovya kidole kwenye oili, akakisugua.

"Fundi, wewe ambia mimi ukweli," Bishar akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii gari nalala ama nakufa?"

"Imekufa, mzee. Na haikuanza leo. Waliweka oili nzito ndio isipige kelele. Ulinunua mgonjwa amevalishwa suti."

"Mimi nanunua na ngamia tano."

"Pole, mzee wangu."

"Injini ingine bei gani?"

"Ile imetumika, kutoka Nairobi, na kazi yangu, laki moja na ishirini. Nimekuhurumia."

Bishar alimpigia Najib simu palepale. Najib alikuwa na adabu nyingi, na adabu ile ndiyo iliyouma. "Adeer, pole sana. Lakini gari lililotumika ni bahati. Mimi mwenyewe niliuziwa hivyo hivyo. Waranti nilikuletea mpaka mlangoni, ukasema mbele ya watu huitaki. Sasa mimi nifanye nini, adeer?"

*

"Usimwambie," Barni akasema.

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja.

"Sitamdai," Bishar akasema.

"Kumwambia ndiko kumdai. Unajua hivyo. Ukifungua mdomo tu, umemaliza. Ana nini yule mzee? Ana fimbo na ngamia mmoja, na ngamia mwenyewe ni wa Nurto."

"Nimenyamaza, mwanamke. Siwezi kunyamaza zaidi ya hivi."

Na kweli alinyamaza. Alikuwa mtu mwema, na hilo lisemwe, maana yatakayofuata yanaweza kumsahaulisha msomaji. Siku tisa alizunguka mji akitafuta njia nyingine. Binamu yake wa Wajir alimtumia elfu nne na maneno mengi. Mwenye tuktuk mmoja alimwambia anataka vijana. Dukani kwa Saado, alikokuwa akichukua sukari na unga bila kuulizwa pesa, aliulizwa.

"Robo kilo tu?" Saado akasema. "Haya. Ila siku hizi nauza kwa taslimu, walaal, ndugu yangu. Si kwako tu, kwa wote." Halafu, Bishar akiwa bado mlangoni, akampimia jirani kilo mbili akaziandika kwenye daftari.

Bishar alirudi nyumbani na robo kilo ya sukari ikiwa imekunjwa kwenye karatasi. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Siku ya tisa, baada ya sala ya alasiri, alimkuta Abdirahim akivaa viatu nje ya msikiti. Wakasalimiana. Mzee akamwuliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya afya, kama kawaida, na baada ya hayo akauliza, "Na gari?"

Kulikuwa na jibu moja lililotosha. Alhamdulillah. Neno hilo husemwa na aliyeshiba na aliyelala na njaa, hakuna anayeweza kuliita uongo. Lilikuwa tayari ulimini mwa Bishar. Alifikiria kwamba mkewe anamngoja, kwamba amemwahidi. Akafikiria ile robo ya sukari.

"Gari limelala, adeer," akasema.

Mzee akakiacha kiatu nusu mguuni. "Tangu lini?"

"Siku tisa."

"Siku tisa." Sauti yake ilikuwa na hasira, na Bishar hakuitazamia. "Siku tisa watu wananiona napita barabarani, nakunywa chai, na deni langu liko kwako? Umenifanya mtu anayekimbia. Kwa nini hukuja siku ile ile?"

"Adeer, mimi sikudai. Wallahi sidai kitu."

"Si wewe wa kudai au kutodai. Bei ya injini ni kiasi gani?"

Hapo palikuwa na nafasi ya mwisho ya kusema uongo. Angeweza kusema elfu ishirini. Bishar alitazama chini. "Laki moja na ishirini."

Mzee akamaliza kuvaa kiatu. Ilichukua muda, na Bishar hakuthubutu kuinama kumsaidia.

"Siku ya soko," Abdirahim akasema. "Njoo asubuhi."

*

Ngamia aliletwa na mpwa wa Nurto. Alikuwa jike mwekundu, mnene wa kiwele, na mtoto wake akimfuata nyuma akilia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Abdirahim alisimama upande wa muuzaji. Dalali mwingine, Abdiwahab, mtu aliyejifunza kazi hiyo kwake, alitoa kitambaa akamshika mkono. Vidole vilisema. Mzee akatikisa kichwa. Vidole vikasema tena. Wanunuzi walijua ana haja, na haja ya mtu haifichiki hata chini ya kitambaa. Waliishia laki moja na kumi na mbili, mama na mtoto wake.

Zilizopungua, elfu nane, Abdirahim alizitoa mfukoni zikiwa zimefungwa kwa uzi. Akampa Bishar zote mbele ya watu. Bishar akazitia mfukoni bila kuhesabu. Ndiyo heshima pekee iliyokuwa imebaki mkononi mwake kuitoa.

"Mmeona?" Abdiwahab akawaambia watu. "Huyo ndiye mtu. Mkono wa Abdirahim ni chuma!"

Watu wakamsifu. Wakamshika mabega. Mmoja alimwuliza palepale kama atamsimamia pikipiki anayotaka kununua. Mzee akasema amechoka, akaenda kukaa.

Nurto hakuwapo siku ile. Barni alilitazama pengo lake upande wa wauza maziwa mpaka soko likavunjika. Jioni aliporudi nyumbani, alimpakulia mumewe chakula, akaketi mbali.

"Nimekosa," Bishar akasema.

"Kula," Barni akasema.

Najib alimwahidi mzee atampa elfu kumi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipita, ukapita na mwingine, na simu yake ikawa haishikwi.

*

Gari lilinguruma tena. Injini mpya, iliyokuwa kuukuu, ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, na Bishar akarudi barabarani.

Siku moja Sabrin alikuja nyumbani kutoka chuoni. Alikuwa akifuta picha kwenye simu yake ili kupata nafasi ya maandishi ya masomo, na alipoifikia ile picha ya pili ya Najib, ile iliyozunguka siku nyingi zilizopita, ikafunguka. Akaisoma. Akaisoma tena, kisha akamwita mama yake, na baba yake naye akaja akiwa na kikombe cha chai.

"Imeandikwa nini?" Barni akauliza.

"Imeandikwa wasiyoyalipia." Sabrin akasoma polepole, akitafsiri. "Gari linalobeba abiria kwa biashara, hapana. Gari linalopita barabara isiyo na lami, hapana. Gari lisilofanyiwa sevisi kwenye gereji yao ya Nairobi kila kilomita elfu tano, hapana."

"Kwa hiyo tungelipa," Barni akasema, "na wasingetupa kitu."

"Hata shilingi, hooyo."

Mtu mwingine angefurahi. Katika ugomvi wote ule Bishar ndiye aliyekuwa sahihi: karatasi ilikuwa bure, na mkono ulilipa. Barni alimtazama akingoja aseme hivyo, na kama angesema, pengine wangegombana, na ugomvi ungewasaidia. Bishar aliweka kikombe chini, akaenda kukaa ndani ya gari lake lililosimama uani, akafunga mlango. Alikaa humo mpaka adhana.

*

Nurto alirudi sokoni wiki ya sita baada ya ngamia kuuzwa. Alikuja asubuhi kama zamani, akaketi mahali pake pembeni ya Barni, akaweka dumu lake mbele. Lilikuwa limeoshwa na kufukizwa moshi wa kuni, kama linavyofukizwa dumu linalotiwa maziwa, na harufu ile nzuri ilimfikia Barni. Ndani hamkuwa na kitu.

Walisalimiana. Waliulizana hali. Barni alitaka kusema jambo alilokuwa amelipanga kwa wiki nyingi, likamponyoka lote. Akachukua dumu lake, akalielekeza kwenye la Nurto ili ammiminie nusu.

Nurto akaweka kiganja juu ya mdomo wa dumu. "Hapana, walaal. Yako ni ya kununua, utapata hasara. Mimi nimekuja kukaa tu. Nyumbani mzee hazungumzi, na ukuta nao hauzungumzi."

"Nurto..."

"Nimekwambia nimekuja kukaa."

Mteja wa kwanza alikuwa Rukiyo, mwenye hoteli ndogo karibu na stendi. Miaka yote alinunua kwa Nurto. Akamkuta, akafurahi, akaweka chombo chake mbele yake.

"Umerudi! Nipe lita tatu."

"Sina siku hizi," Nurto akasema. "Chukua kwa Barni."

Rukiyo akamtazama Barni, akalitazama dumu lake, akasita. Hakutaka kumvunjia mtu heshima, lakini alikuwa na wateja wake. "Hayana maji?"

Barni akafungua mdomo. Kabla hajajibu, Nurto akanyoosha mkono wake mkavu, akaugusa mkono wa Rukiyo.

"Hayana," akasema. "Mimi nasimama."

Rukiyo akachutama na chombo chake. Barni akaanza kupima, akijaza kila kikombe mpaka maziwa yakamwagika mchangani.